Kwa Nini Njia ya Lwenge Haijanyooka

Kila mgeni anayekuja kutembea Lwenge huuliza swali lilelile, tena huuliza mahali palepale, akishapita kona ya tatu na jua limeanza kumchoma kisogo. Anasimama. Anakitazama kilima cha ng'ambo kilivyo karibu, anaitazama njia inavyokigeuzia mgongo kilima hicho na kwenda kwingine kabisa, kisha anauliza kama walioipasua njia hii walikuwa wamelewa. Hawakulewa. Na wala hawakuwa wengi. Ilikanyagwa na mwanamke mmoja kutoka upande huu na mwanamke mmoja kutoka upande ule, na hakuna kati yao aliyekuwa na haraka. Kaeni kidogo hapa penye ukavu niwaeleze. Mwenda pole hajikwai, na bwawa halihami.

Hapo kale, kabla Lwenge haijazoea mguu wa mtu, bwawa hili lilikuwa ukuta. Upande wa mawio waliishi watu wa Isenga, upande wa machweo watu wa Mwambila, na kila upande uliuona moshi wa mwenzake bila kujua unapika nini. Mtumbwi haukupita kwa sababu mafunjo yalisongamana mno. Mguu nao haukupita, kwa sababu chini ya mafunjo kulikuwa na tope ambalo mti mrefu uliochomekwa haukugusa mwisho wake. Kuzunguka kwa nchi kavu kulitaka kupita msitu wa simba, kisha nchi ya watu waliokuwa na ugomvi na pande zote mbili. Walioijaribu njia hiyo hawakurudi kusimulia.

Watu walifika bwawani kwa shughuli tu. Walikata mafunjo ya kusukia majamvi pale pembeni, walitega kambale, wakajitwika mizigo yao wakarudi upesi. Hili mnalolifanya ninyi leo, mtu kutoka kwake akaenda kutazama ndege na maua halafu akarudi mikono mitupu, lilikuwa halina hata jina. Aliyelifanya angeambiwa ana wazimu, au ni mwanga anayetafuta mizizi.

Na palikuwa na mwiko. Bwawani hapaitwi mtu. Mtoto wa Isenga na mtoto wa Mwambila walifundishwa jambo hilo kabla hata ya kujua kujifunga nguo: ukiingia kwenye mafunjo, funga mdomo, kwa maana bwawa lina njaa na lina masikio. Ukipaza sauti litakujua. Kisha siku moja litakuita kwa sauti ya umpendaye, ya mama yako au ya mumeo au ya mwanao, nawe utaifuata mpaka tope likufike shingoni. Kwa hiyo ukiisikia sauti hiyo usiitike. Ziba masikio, geuka, rudi ulikotoka. Mwiko huo ulikuwa na maana yake, kwani wengi walikuwa wamezama. Lakini dawa nayo ikizidi huwa sumu.

Ukaja mwaka wa ukame mkubwa. Bwawa lilikauka likapasuka kama ukoko wa ugali, na kwa mara ya kwanza watu wa Isenga na watu wa Mwambila walikutana katikati, wakashangaa jinsi walivyofanana. Palifanyika ngoma, palifanyika biashara ya chumvi na majembe, na palifungwa ndoa. Ndipo kijana mmoja wa Isenga, Mgalula, alipomwoa Kalunde binti Nyamizi wa Mwambila.

Nyamizi alikuwa mjane na Kalunde alikuwa mtoto wake wa pekee. Watu walimwuliza kama haogopi kumwacha mwanawe aende mbali. Akacheka. "Mbali wapi?" alisema. "Nikisimama mlangoni nitaziona hata nguo zake alizoanika." Walipoagana hawakulia, kwa sababu nani hulia akimsindikiza mtu wa jirani? Nyamizi alimwambia tu binti yake, "Kila asubuhi nitatupa nyasi mbichi motoni. Ukiona moshi mzito, jua nipo."

Mvua zikanyesha mwaka uliofuata, zikanyesha kama zilizokuwa zimefungiwa mahali. Bwawa likajaa. Tangu mwaka ule halijakauka tena.

Basi Kalunde akawa mke wa Isenga, na kila asubuhi aliutazama moshi wa mama yake, naye akatupa nyasi mbichi kwenye moto wake. Moshi wake ulikuwa shikamoo, moshi wa ng'ambo ulikuwa marahaba. Mgalula alikuwa mume mpole, na kwa muda shikamoo hiyo ilitosha. Kisha homa ikamchukua Mgalula kabla hawajajaliwa mtoto, na Kalunde akabaki na nyumba ya pembezoni, jiko moja na moshi mmoja.

Tusiwasingizie watu wa Isenga. Hawakuwa wabaya. Masele, kaka yake marehemu, mtu mkubwa wa mwili aliyekuwa akiogopa maji kuliko simba, alimletea mtama kila baada ya mavuno na kumwezekea paa lilipovuja. Lakini walimpa chakula, maneno hawakumpa. Matamshi yake ya Kimwambila yalikuwa yakiwachekesha watoto. Nyimbo alizozijua hakuna aliyeziitikia, na nyimbo zao alizijua nusu. Wanawake wakikaa kusuka majamvi walisogea ili apate nafasi, kisha wakaendelea na mazungumzo yao juu ya watu asiowajua. Upweke wa mtu aliye porini unajulikana. Upweke wa mtu aliyekaa katikati ya wenzake ni mchungu zaidi, kwa sababu hata kuulalamikia ni aibu.

Jioni moja, baada ya siku nzima ya kutosemeshwa na mtu, Kalunde aliteremka mpaka ukingo wa bwawa akakaa juu ya jiwe. Hakubeba mundu wala kamba. Alitaka tu kuwa karibu kidogo na upande ule. Akakaa kimya mpaka bwawa likamsahau. Na bwawa likikusahau, mnajua wenyewe, linaanza mambo yake. Mdiria alitua juu ya funjo likainama naye, akajirusha majini akaibuka na kidagaa. Yangeyange walipita wakirudi kulala. Kisha mafunjo yakafunuka na nzohe akatoka, swala yule wa majini mwenye manyoya yaliyolowa na kwato ndefu zilizoachana. Alikuwa peke yake, kwa sababu nzohe hutembea peke yake. Akamtazama Kalunde, akaona hana mkuki wala mbwa, akaendelea na safari yake polepole juu ya mahali ambapo kila mtu wa Isenga angeapa kwamba hapakanyagiki.

Kalunde alisimama. Alivua ndala zake za ngozi, akakanyaga alipokanyaga nzohe. Pakatitia kidogo, pakashika. Chini palikuwa na mizizi iliyofumana kama jamvi. Akapiga hatua nyingine, na nyingine, kisha giza likaanza kuingia naye akarudi nyumbani miguu imelowa na moyo umechangamka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kesho yake alirudi. Na keshokutwa. Ikawa desturi yake: kazi za nyumba zikiisha na jua likipoa, Kalunde anateremka bwawani kutembea. Hakuwa akienda mahali. Kama mngemwuliza asingesema anakwenda kwa mama yake, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiota jambo hilo, hata yeye. Alitembea tu mpaka ardhi ilipomgomea, akasimama akatazama, akarudi.

Kisimani wanawake walimtania. "Kalunde, umeleta nini leo?"

"Sikuleta kitu."

"Mkono mtupu haulambwi, bibi wee."

"Sikwenda kulambwa," alijibu, akajitwika mtungi wake akaenda zake.

Sasa tazameni kona hizi mnazozilaumu. Hii ya kwanza, pale penye matete mafupi, njia inakunja kwa sababu dudumizi alikuwa ametaga hapo, na Kalunde hakutaka kumwinua kwenye mayai. Alizunguka kwa mbali, na makinda yaliporuka mguu wake ulikuwa umezoea kuzunguka. Ile ya pili inafuata ukingo wa kidimbwi cha yungiyungi. Angeweza kukikata, maji ni ya magoti tu, lakini juu ya majani yale hutembea ndege mmoja mwekundu mwenye vidole virefu kupita kiasi, anakwenda juu ya maji kwa madaha kama mwenye nyumba, na Kalunde alipenda kumtazama pale anapoinua jani kwa mdomo kuchungulia kuna nini chini. Ya tatu ni ya nzohe. Hapo ndipo anapolala mchana, majani yamelazwa mviringo, na mtu mwenye adabu hapiti chumbani mwa mwenzake. Ndivyo njia ilivyokwenda, ikipinda kwa kila alichokiheshimu. Misimu ilipita. Kalunde akawa na watu wa kuwatembelea, ingawa hawakuwa watu.

Mdomo aliufunga, kama alivyofundishwa. Aliwaamkia kwa macho. Nyakati nyingine, akiwaona madudumizi wawili wakiitana, mmoja huku mwingine kule, sauti kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu, alihisi wivu hasa. Ndege wale hawakuwa na mwiko.

Siku moja alikuwa amefika mbali kuliko siku zote, mahali ambapo mafunjo yanamzidi mtu kimo mara mbili na kilima hakionekani mbele wala nyuma. Kwenye tundu la maji palikuwa na fisi maji wawili wakigombania kambale. Mmoja alivuta kichwa, mwingine mkia, kambale akateleza akaondoka zake, nao wakabaki wakitazamana kama watu waliopigana nje ya ukumbi na harusi ikaisha ndani. Kalunde alicheka. Kicheko kilimtoka kwa sauti kabla hajakikamata, akaufunika mdomo kwa viganja viwili.

Ndipo akasikia. Upande wa pili wa mafunjo, karibu sana, mtu alikuwa akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kusukia majamvi. Ulikuwa wimbo wa Mwambila. Na palepale katikati, penye maneno ambayo Nyamizi huyasahau kila mara, sauti ile iliacha maneno ikaguna tu, hm hm hm, kama Nyamizi anavyoguna. Kisha ikakatika ghafla, kama ya mtu aliyeshtuka.

Kalunde aliiondoa mikono mdomoni. Mama, alitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini lilikuwa ndilo neno lenyewe aliloonywa tangu utotoni, na aliyemwonya alikuwa ndiye mama mwenyewe, akimfunga nguo kiunoni na kumwambia: ukiisikia sauti yangu bwawani, mwanangu, si mimi. Alikuwa amecheka kwa sauti. Bwawa lilikuwa limemsikia. Akaziba masikio, akageuka, akarudi mbio kona kwa kona mpaka nchi kavu, akajifungia ndani; Masele alipogonga mlango, alimwambia tu kwamba bwawa limemwita kwa sauti ya mama yake.

Hakurudi tena bwawani. Jioni alikaa mlangoni akitazama mafunjo yakitikiswa na upepo, na upweke wake ukawa mzito kuliko zamani, maana sasa alikuwa amefiwa na mume na amefukuzwa na bwawa. Kilichomfariji ni moshi wa asubuhi. Mama yupo kule salama kwenye jiko lake, alijiambia. Ile sauti ilikuwa hila ya bwawa.

Mvua za vuli zilipoanza, moshi wa ng'ambo ukawa mwembamba. Kalunde alisema nyasi zimelowa mno. Kisha asubuhi moja haukuonekana kabisa. Alitupa nyasi motoni mpaka nyumba yake ikajaa moshi na majirani wakaja kuuliza kama kunaungua. Akasimama nje akikikodolea macho kilima cha machweo, jua likapanda, na kilima kikakaa kimya. Asubuhi iliyofuata ilikuwa vilevile.

Kalunde alijifunga kanga kiunoni akateremka. Masele alimkuta ukingoni, akasimama mbali na maji kama kawaida yake.

"Shemeji, usiende. Wewe mwenyewe ulisema limekuita."

"Limeniita, ndiyo."

"Kwa sauti ya mama yako. Sasa unalifuata la nini?"

Kalunde alimtazama. Hakuwa na hasira naye. "Masele, kama bwawa lina sauti ya mama yangu, basi lina kitu ninachokitaka. Moshi haupo. Nikikaa hapa nitakuwa salama na nani?"

Kalunde akaingia kwenye mafunjo.

Alikwenda kwa njia yake, kwa kuwa hakuijua nyingine. Ingawa moyo ulikuwa ukimharakisha, miguu ilizunguka kiota, ikazunguka kidimbwi, ikazunguka malalo ya nzohe. Alijaribu mara moja kukata moja kwa moja, akazama mpaka kiunoni, akajivuta kwa mizizi akarudi kwenye kona zake. Akafika kwenye tundu la fisi maji, pale njia yake ilipoishia. Alisikiliza. Hapakuwa na wimbo. Ilikuwa mvua tu ikigonga maji. Na kule kutokuwapo kwa ile sauti ndiko kulikomtia hofu kuliko sauti yenyewe.

Akayasukuma mafunjo kwa mabega, akapenya. Yalikuwa pazia tu. Lisingezidi upana wa ua wa nyumba. Upande wa pili mguu wake ulikanyaga pagumu. Aliinama. Majani yalikuwa yamelala, yamekanyagwa si mara moja wala mara kumi. Na pembeni mafunjo machache yalikuwa yamefungwa fundo, kama alama ya mtu anayetaka kujua alipofikia jana. Kalunde alilishika fundo lile. Lilikuwa limezungushwa mara mbili na mkia wake ukafichwa ndani. Watu wa Isenga hufunga na kukata. Fundo la mkia uliofichwa ndilo Nyamizi alilomalizia majamvi yake yote, na hapa duniani alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu.

Njia ya mama yake haikuishia kwenye fundo hilo. Ilikuwa imepita hapo ikaendelea mbele, kuelekea mawio, kuelekea Isenga, ubavuni kabisa mwa njia ya Kalunde, na ile ya Kalunde ilikuwa inaelekea machweo. Zilikuwa zimepishana. Jioni ngapi walikuwa wametembea hivyo, kila mmoja akimfuata mwenzake bila kujiambia anamfuata, mafunjo katikati, midomo imefungwa? Kalunde alikaa chini kwenye tope akalia. Kisha akainuka, akaugeuzia mgongo upande aliotoka, akaifuata njia ya mama yake.

Ilikuwa imepinda kuliko yake. Hapa ilizunguka mti uliolala uliojaa viota, hapa ilisimama bila sababu mpaka Kalunde naye akasimama akaona kwamba kutoka pale, kupitia mwanya wa matete, paa la nyumba yake mwenyewe ya Isenga linaonekana. Palikuwa pamekaliwa mpaka pamebonyea.

Alimkuta Nyamizi amelala karibu na jiko lililozima, jirani mmoja akimnywesha uji. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa, lakini akili ilikuwa yake.

"Umelowa," alisema mama.

"Nimepita bwawani."

"Kwa wapi?"

"Kwa njia yako."

Nyamizi akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekamatwa akila vya watoto. "Nilikuwa natembea tu. Wenzangu wananicheka. Kuna ndege mzuri pale kwenye yungiyungi."

"Mwekundu, wa vidole virefu."

"Huyo huyo." Akapumzika. Akamshika binti yake mkono. "Siku moja nilikusikia ukicheka."

"Nami nilikusikia ukiimba, mama."

"Sasa mbona hukuniita?"

Kalunde aliinamisha kichwa. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

Machozi yalimtoka Nyamizi pembeni mwa macho yakaingia masikioni, na Kalunde akawa anayafuta kwa ncha ya kanga yake. Walikaa pamoja siku walizojaliwa. Walizungumza mchana kutwa, wakasimuliana bwawa lilelile kutoka pande mbili, kila mmoja akimwambia mwenzake kona zake. Kila asubuhi Kalunde alitupa nyasi mbichi motoni, ingawa hakujua tena moshi ule ni wa kumwamkia nani. Kabla mwezi haujaandama Nyamizi alifariki, na Mwambila wakamzika.

Matanga yalipoisha, Kalunde aliingia tena bwawani. Hakuwa na pa kwenda hasa. Alitembea mpaka kwenye lile pazia la mafunjo, kwenye fundo la mama yake, akasimama hapo kama mtu aliyesahau alichokifuata. Kwake Mwambila pamekufa. Kwake Isenga hapajawahi kuzaliwa. Madudumizi walikuwa wakiitana juu ya kichwa chake, naye akawaza kwamba hakuna tena sauti hapa duniani ya kumwogopesha.

Ndipo akaitwa.

"Kalunde! Kalunde weee!"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, imepasuka kwa hofu. Ilikuwa ya Masele. Mafundisho yakamjia yote mara moja: ziba masikio, geuka. Lakini Kalunde alikuwa amekwisha kulipia mafundisho hayo. Tena akawaza, na hilo hata yeye lilimshangaza likamtekenya kidogo katikati ya majonzi: bwawa lingetaka kumdanganya leo lingetumia sauti ya mama. Lisingejisumbua na ya Masele.

"Nipo!" aliitikia.

Maji yakapigwa kwa kishindo, kama mtu mkubwa wa mwili aliyekosa mzizi. "Ni wewe," sauti ikauliza ikihema, "au ni bwawa?"

"Ni mimi, shemeji. Bwawa halijawahi kusema kitu."

Akayafunua mafunjo akamwona. Masele, mwoga wa maji, alikuwa amesimama kwenye tope la magoti, fimbo mkononi, uso umekwaruzwa na majani. Alikuwa amezifuata kona zake moja moja. Alisema nyumba ya Kalunde ilikuwa haitoi moshi, na kwamba tangu aondoke watu wa Isenga wamekuwa wakiutazama mlango ule uliofungwa kila wapitapo, na mke wake haachi kuuliza. Kalunde alimsikiliza. Lilikuwa jambo jema kuambiwa, na lingekuwa jema zaidi kama lingesemwa mapema. Alimshika mkono akamtoa kwenye tope. Kisha, kwa mundu wa Masele, wakalikata lile pazia, na njia mbili zilizokuwa zimepishana zikaungana kwa kona moja kali kuliko zote, inayomfanya mgeni akipe tena mgongo kilima anachokiendea.

Baadaye watu wa pande zote mbili walijaribu kuinyoosha. Walipigilia miti kutoka Isenga, wakakata mafunjo kwa mstari kuelekea Mwambila, na mvua za kwanza zikaimeza kazi yote pamoja na mbuzi wa watu. Walirudi kwenye kona za wale wanawake, na huko ndiko walikobaki. Wasemao milima haikutani ila binadamu hukutana wanasema kweli, lakini hawasemi kwamba binadamu nao hupishana.

Kalunde aliishi miaka mingi. Alikuwa na jiko Isenga na jiko Mwambila, na ukimwuliza kwake ni wapi alisema ni pale katikati. Kila jioni alitembea mpaka kwenye ile kona kali, mikono mitupu, akasimama akaita, "Upo?" Mara nyingi palikuwa na mtu anayevuka, naye aliitikia, nao wakaulizana habari za pande zao. Alifurahi kujibiwa. Lakini sauti aliyokuwa akiiita haikumjibu, naye alijua haitamjibu, na aliita hivyo hivyo.

Na tangu siku ile aliyomwitikia Masele, njia ya Lwenge imepinda na haijanyooka, na huku kwetu mtu hutembea bwawani bila mzigo na hakuna anayemwuliza ameleta nini. Na kwenye kona kali hatupiti kimya. Hata mwenye haraka husimama akaita, na anayesikia huitika, hata kama ni mtu waliyegombana naye asubuhi, hata kama sauti inafanana na ya marehemu. Haya, inukeni, jua limepoa. Tukifika pale nitaita. Akiwapo mtu upande wa pili ataitikia. Asipokuwapo, tutasubiri kidogo, kama Kalunde alivyokuwa akisubiri, kisha tutaendelea.